Gemu Siyo Kamari: Kwa Nini Nataka Watoto wa Modogashe Wacheze

Haya wasomaji wangu, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikwenda nyumbani, na nyumbani kwetu mtandao ni kama mvua: unasubiriwa, ukija watu wanafurahi, na haukai.

Nyumbani ni Modogashe. Kwa asiyepajua, ni mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, njia panda ambapo barabara ya kutoka Isiolo kwenda Wajir inakutana na ile ya Garissa. Maisha ya pale ni mifugo, maduka, malori na vumbi. Si mahali ambapo mtu wa Nairobi angetarajia kukuta mjadala kuhusu gemu za kompyuta. Lakini mimi niliukuta, tena nyumbani kwetu, na nikafanywa shahidi kabla hata sijamaliza chai.

Kesi ilikuwa hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekamatwa na simu ya mamake akicheza gemu wakati alipaswa kuwa anafanya kazi ya shule. Abti, yaani mjomba wetu, alikuwa ameinyang'anya ile simu na kuitia mfukoni.

"Hii gemu imemla akili huyu mtoto," akaniambia. "Wewe umesomea kompyuta mpaka chuo kikuu. Mwambie ukweli."

Nikasema ukweli, ila haukuwa ule alioutaka. Nikamwambia, "Abti, kazi ninayofanya leo nilianza kujifunza kwenye gemu."

Dada yangu akacheka. Abti hakucheka. Nilitaka kueleza zaidi, lakini adhana ikaadhiniwa na kikao kikaisha. Kwa hiyo leo nawaandikia ninyi yale ambayo sikupata nafasi ya kumwambia yeye yote kwa mara moja.

Kwanza tuchambue mchele

Hofu ya abti si ya bure. Siku hizi hapa Kenya kijana akikuambia "nacheza gemu" kwenye simu, mara nyingi anacheza kamari. Kuna kile kindege kinachopaa huku pesa zikipanda, na usipochomoka kabla hakijapotea umeliwa. Kuna mikeka ya mpira. Nimeona vijana wenye elimu yao wakimaliza mshahara wa mwezi kabla ya tarehe kumi. Mzee anayeona haya, halafu anamwona mtoto ameinamia simu hivyo hivyo, ana haki ya kushtuka.

Lakini mimi naandika programu kwa riziki yangu, na nawaambia kwamba ukifungua ndani, vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Ndani ya gemu ya kamari kuna programu inayotoa namba za bahati nasibu, na hesabu imepangwa ili mwenye mchezo abaki na fungu lake siku zote. Hakuna unachojifunza leo kitakachokusaidia kesho. Ndani ya gemu ya kweli kuna sheria, na sheria hizo zinaweza kujulikana. Ukizijua, unacheza vizuri zaidi.

Nina kipimo kimoja ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia bila kujua kompyuta. Uliza: je, mtu aliyecheza mara mia anamshinda aliyecheza mara moja? Kama jibu ni ndiyo, kuna kitu kinafunzwa mle ndani, kiwe kikubwa au kidogo. Kama jibu ni hapana, ni kamari hata kama imepakwa rangi za watoto. Na kama inakudai pesa kila baada ya dakika tano ili uendelee, iondoe kwenye simu bila kuuliza maswali mengine.

Abti mwenyewe ni mchezaji gemu

Jambo la pili nililotaka kumwambia ni hili. Kila siku baada ya swala ya alasiri, abti na wenzake hukaa chini ya mti wakacheza shax. Ubao huchorwa mchangani. Kila mchezaji ana kete zake kumi na mbili, mmoja kokoto, mwingine vijiti. Unatafuta kupanga tatu kwa mstari ili ule kete ya mwenzako, naye anatafuta kukuzuia huku akipanga zake. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji, na kila mmoja anajua kosa ulilofanya kabla wewe hujalijua. Ndugu zetu wa pwani wana bao lao, nalo lina wazee wake na kelele zake.

Sasa shax inafundisha nini? Inafundisha kufikiria hatua tatu mbele. Inafundisha kusoma nia ya mwenzako. Inafundisha kushindwa mbele ya watu na kurudi kesho. Hakuna aliyewahi kumwambia abti kwamba shax imemla akili. Kinyume chake, mzee anayecheza shax vizuri husikilizwa hata kwenye mambo mengine.

Kwa hiyo mchezo kama njia ya kunoa akili si kitu kilicholetwa na Wajapani na Wamarekani. Tulikuwa nacho. Kilichobadilika ni ubao: zamani mchanga, sasa kioo.

Mimi na banda la jenereta

Nilipokuwa darasa la tano hivi, mtu mmoja alileta PlayStation 2 mjini. Akaiweka kwenye banda la mabati karibu na soko, akafunga jenereta nyuma, na mechi moja ya mpira ikawa shilingi kumi. Aliyefungwa anaachia kiti. Kelele ya jenereta ilikuwa kubwa hivi kwamba hatukuwahi kusikia sauti ya mtangazaji hata siku moja.

Nilikuwa na shilingi kumi mara moja kwa wiki, kwa hiyo sikuweza kufungwa ovyo. Nikaanza kutazama wenzangu na kuhesabu: nani hupiga pasi ndefu, nani hukimbilia upande wa kulia kila mara. Halafu nikagundua sehemu ya gemu ambayo wenzangu hawakuipenda, ile ya kuendesha klabu. Mle unapewa bajeti. Unanunua mchezaji, unalipa mishahara, ukikosea unafukuzwa kazi. Maneno ya Kiingereza ya mkataba, mkopo na mshahara niliyajua pale kabla ya mwalimu kuyafikia kitabuni. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo nyuma yake niliandika wachezaji na bei zao. Mwalimu wangu wa hisabati angeliona angedhani nina wazimu, lakini ilikuwa hisabati ile ile.

Sisemi kwamba banda lile lilinipeleka chuo kikuu. Walionipeleka ni mama yangu, mbuzi waliouzwa, na walimu wawili watatu waliokataa kukata tamaa. Lakini banda lile ndilo lililonifundisha kwamba mashine ina sheria, na kwamba ukiwa na subira sheria hizo zinajulikana. Huo ndio moyo wa kazi yangu hadi leo.

Gemu inafanya nini hasa?

Tuache hadithi tuangalie mambo matatu ambayo gemu nzuri huyafanya, na ambayo darasa letu la kawaida hushindwa kuyafanya.

La kwanza ni jibu la papo hapo. Mtoto akikosea hesabu shuleni, daftari linakusanywa na kurudi baada ya siku kadhaa likiwa na alama nyekundu. Wakati huo ameshasahau alikuwa anafikiria nini. Kwenye gemu anajua sekunde ile ile, na anajaribu tena akiwa bado anakumbuka njia aliyopita.

La pili ni kushindwa bila aibu. Hili ndilo naliona kubwa kuliko yote. Mtoto anayeambiwa asimame asome mbele ya wenzake kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, akikosea anachekwa. Kesho hainui mkono. Gemu haicheki. Unaweza kukosea mara arobaini na hakuna mtu anayejua isipokuwa wewe. Nani kati ya walimu wetu, hata aliye mwema kabisa, anaweza kukusikiliza ukikosea neno lile lile mara arobaini?

La tatu ni ngazi. Gemu iliyotengenezwa vizuri haikupi jambo la hatua ya nane kabla hujamaliza la saba, na haikucheleweshi kwenye la tatu kama umeshaliweza. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumpa kila mtoto ngazi yake, hata angetaka.

Na huku kwetu walimu ni wachache kuliko kwingine. Mnajua historia. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa hapa kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Huduma kwa Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walioondoka, nani angekaa? Lakini watoto walibaki. Wapo waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule na mwalimu akaondoka katikati ya alfabeti. Kisha ukaja ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikakosa kufuatana, na wengine wakaondoka na mifugo. Kwa hiyo ninapozungumzia gemu sizungumzii anasa. Nazungumzia mtoto ambaye kuna siku nyingi hana mtu wa kumwambia kama amepatia au amekosea.

Ushahidi uko Tanga

Mtasema hayo ni maoni ya mtu anayependa kompyuta. Sawa. Basi twendeni Tanga, kwa majirani zetu wa Tanzania.

Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano: tengenezeni programu ambayo mtoto asiye na mwalimu ataitumia kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuzo ilikuwa dola milioni 10. Timu tano zilifika fainali, na programu zao zikajaribiwa katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili, kwa muda wa miezi 15. Google walitoa tableti, vijijini vikajengwa vituo vya kuchajia kwa sola, na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania wakasimamia. Watoto walioshiriki walikaribia 3,000.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 tuzo ikagawanywa kwa timu mbili: Kitkit School ya Marekani na Korea Kusini, na onebillion yenye ofisi London na Nairobi. Ukiitazama Kitkit School unaona ni gemu tupu: kuna vinyota, kuna wanyama, kuna kufungua hatua mpya.

Tuwe wakweli hapa. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine bado hawakuweza. Tableti haikufanya muujiza. Lakini fikiria ni nani hao: watoto wasio na mwalimu. Kwao kipimo si gemu dhidi ya mwalimu bora wa Nairobi. Kipimo ni gemu dhidi ya kutokuwa na kitu kabisa. Na ukisoma jinsi mradi ulivyoendeshwa utaona kwamba hata mle kulikuwa na binadamu: kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuangalia sola na tableti. Jambo la kufurahisha kwa sisi waandika programu ni kwamba kazi za fainali ziliwekwa wazi kama programu huria, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yeyote anaweza kuzichukua.

Na kazini je?

Swali la abti lilikuwa hili: "Akikua, gemu itamlisha?" Ni swali zuri. Nitajibu kwa mifano minne.

Rubani kwanza. Hakuna shirika linalomkabidhi mtu ndege iliyojaa abiria kabla hajakaa saa nyingi kwenye kibanda cha kuigiza urukaji, ambako anaangusha ndege na kutoka mzima. Hiyo ni gemu ya bei kubwa sana, lakini ni gemu.

Daktari wa pili. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani uliowahusisha madaktari 33 wanaojifunza upasuaji ule wa kutumia kamera na tundu dogo. Wale waliowahi kucheza gemu za video zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 na walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 27. Inawezekana wenye mikono mizuri ndio wanaopenda gemu tangu mwanzo, kwa hiyo msikimbilie kumnunulia daktari wenu PlayStation. Lakini hakuna aliyeona kwamba gemu zimewaharibu.

Wa tatu yuko Kibera. Mwaka 2012 UN-Habitat, ambao makao yao makuu yako Nairobi, walianza kushirikiana na kampuni iliyotengeneza Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali. Mahali pa majaribio ya mwanzo palikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Wakazi waliokuwa hawajui kusoma ramani za wahandisi waliweza kuona uwanja wao ndani ya gemu na kusema: hapa mtaro, hapa ukuta, hapa mahali pa kukaa. Huo ni ujuzi wa kazi kamili: kupanga, kubishana kwa adabu, na kukubaliana.

Wa nne ndio niupendao zaidi, kwa sababu ni wa wafugaji kama sisi, na hauna hata kompyuta. Januari 2010 bima ya mifugo ilianzishwa Marsabit. Inafanya kazi kwa picha za setilaiti zinazopima ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiasi fulani, mfugaji analipwa, hata kama ng'ombe wake hajafa. Na mvua ikinyesha, pesa uliyolipia hairudi. Jaribu kumweleza mzee jambo hilo kwa maneno uone. Watafiti, wakiwemo wa ILRI ya Nairobi, waliona hotuba haitatosha, wakatengeneza mchezo. Wafugaji walicheza misimu: msimu huu mvua, msimu ule ukame, mwenye bima yuko hivi, asiye nayo yuko vile. Baada ya misimu kadhaa ya kuchezea tu, mtu alikuwa ameona miaka mingi ikipita kwa alasiri moja bila kupoteza mbuzi hata mmoja. Mwaka 2013 bima ya aina hiyo kwa mtindo wa takaful ikafika Wajir, na Machi 2014 wafugaji wa kule wakalipwa kwa mara ya kwanza.

Niliposimulia huo wa Marsabit, abti alikaa wima kidogo. "Hiyo nayo mnaiita gemu?" akauliza. Naam abti, hiyo nayo ni gemu.

Na kama kuna mtu anataka kujua kama gemu zenyewe zinaweza kuwa kazi, amtafute Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita Sudan, yeye akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Ilimbidi atembee saa tatu kwenda kuichaji. Alianza kwa kucheza, akajifundisha kutengeneza, na gemu yake Salaam inamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayetafuta maji, chakula na amani. Mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards kule Marekani. Wasomaji wangu wa Dadaab, kumbukeni hilo.

Lakini nisiwadanganye

Ningekuwa muuzaji ningeishia hapo. Mimi si muuzaji, kwa hiyo sikilizeni na upande wa pili.

Kwanza, si kila kinachoitwa gemu ya akili kinaongeza akili. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Walizidi kuwa hodari kwenye mazoezi yale yale. Kwenye mambo mengine hawakubadilika. Funzo ni kwamba gemu hukufundisha kile kilichomo ndani yake na jirani zake wa karibu. Gemu ya kusoma inafundisha kusoma. Gemu ya kupiga risasi haitamfundisha mtoto hesabu za sehemu, hata akicheza mpaka Idd ijayo. Kwa hiyo chagueni.

Pili, kifaa peke yake si elimu. Kuanzia 2016 serikali yetu iligawa tableti zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma. Nilitembelea shule moja, sitaitaja, nikaonyeshwa zake. Zilikuwa ndani ya sanduku la chuma, limefungwa kwa kufuli, ndani ya stoo, nayo stoo imefungwa kwa kufuli. Nikauliza watoto wanazitumia lini. Mwalimu akaniambia, tena kwa masikitiko ya kweli, kwamba moja ikivunjika yeye ndiye atakayeulizwa. Ukimwambia mtu kwamba kifaa kikivunjika ni juu yake, basi atakitunza vizuri sana, na hakuna mtoto atakayekigusa. Huyo mwalimu hana kosa. Kosa ni la aliyepanga mambo bila kutenga shilingi ya matengenezo.

Tatu, lugha. Mtoto wa Modogashe nyumbani anasema Kisomali, jirani yake pengine Kiborana. Kiswahili na Kiingereza anavikuta shuleni. Ukimpa gemu ya kusoma kwa Kiingereza cha Marekani, yenye hadithi ya theluji, unampa mafumbo mawili kwa mara moja. Tanga ilifanikiwa kwa sababu, pamoja na mengine, watoto walifundishwa kwa lugha wanayoisikia kila siku.

Nne, muda. Mtoto anahitaji kulala, kucheza mpira, kwenda duksi na kuchunga mbuzi. Sisemi apewe simu kutwa. Nusu saa kwa siku yenye gemu iliyochaguliwa inatosha, na mtu mzima aketi karibu amuulize: umefika wapi, umekwama wapi, ulifanyaje ukatoka? Hayo maswali matatu nayaona muhimu kuliko gemu yenyewe.

Tufanye nini sasa?

Mapendekezo yangu ni madogo kwa makusudi.

Zile tableti zitoke stoo. Bodi ya shule itenge kiasi kidogo cha matengenezo, na mwalimu aondolewe hofu ya kulipa. Bora kumi zivunjike zikitumika kuliko arobaini zioze zikiwa salama.

Tutumie vitu vinavyofanya kazi bila intaneti. Kolibri, kwa mfano, ni programu huria unayoweza kuiweka kwenye kompyuta moja ya darasa, na masomo yake yakasomwa bila mtandao. Scratch ya chuo cha MIT, iliyotoka 2007, inamfundisha mtoto kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi, inafanya kazi bila mtandao, na ina Kiswahili. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na sekondari. Karatasi tunayo tayari. Kilichobaki ni mtoto kuketi mbele ya mashine.

Na sisi waandika programu tuliotoka huku, tuache kulalamika kwamba hakuna gemu za kwetu. Nani atazitengeneza? Mtoto wa Seoul hatujui sisi wala ngamia wetu.

Ili nisiwe msemaji tu, usiku tatu za mwisho nikiwa nyumbani nilikaa na kompyuta yangu nikatengeneza gemu ya shax. Si nzuri. Ubao ni mistari, kete ni duara nyeusi na nyeupe. Niliiweka kwenye simu ya dada yangu, nikampa mpwa wangu ajaribu.

Asubuhi alinijia kabla sijanawa uso. "Abti," akaniambia, maana kwake mimi ndiye abti, "gemu yako ina kosa. Nikipanga tatu pale kona ya chini, hainiruhusu kula. Kona zile nyingine inaruhusu. Nimejaribu mara sita." Akanichorea mchangani kete zilikuwa wapi.

Wasomaji wangu, nimefanya kazi na watu wenye digrii ambao wakikuta kosa wanakuandikia "haifanyi kazi" basi. Huyu mtoto wa miaka kumi na mmoja alinipa mahali kosa lilipo, jinsi ya kulirudia, na mara ngapi amelijaribu. Hiyo ni kazi ambayo watu hulipwa. Nililirekebisha kwa dakika kumi, kwa sababu alikuwa ameshanifanyia sehemu ngumu.

Jioni abti akaiomba ile simu. Alicheza dhidi ya mashine akaishinda mara mbili, akasema mashine yangu ni mjinga, haijui kungoja. Halafu akaanza kumweleza mpwa wangu ingepaswa kusubiri wapi, hatua kwa hatua, naye mtoto akachukua daftari la shule akawa anaandika ili aniletee. Nimeipokea picha ya kurasa hizo juzi. Ziko kurasa nne, na sasa ndizo ninazozifanyia kazi.

Tukutane makala ijayo, inshallah.